Nimepona UVIKO lakini mwili haujarudi: maswali na majibu kwa wanaoishi na maradhi ya muda mrefu

Mwanza ni mji wa vilima, na vilima havimfichi mgonjwa. Mtu aliyekuwa akipanda ngazi za mawe za Mabatini na ndoo kichwani sasa anasimama mara tatu njiani kuvuta pumzi, na majirani wanaona. Wengine wana presha au sukari tangu zamani, UVIKO-19 ikaja juu yake. Haya ndiyo maswali wanayouliza zaidi kuhusu UVIKO ya muda mrefu, yaani dalili zinazobaki baada ya UVIKO-19 yenyewe kupita.

Huu ugonjwa upo kweli, au ni uchovu wa maisha tu?

Upo. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake rasmi Oktoba 2021. Ni dalili zinazoanza kwa kawaida ndani ya miezi 3 baada ya mtu kuugua UVIKO-19, zikadumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaoonekana kuzisababisha. Shirika hilo linakadiria kuwa unawapata watu 6 hivi katika kila 100 walioambukizwa. Wanaotajwa sana ni watu wanaoishiwa nguvu, wanaohema kwa kazi ndogo, wanaosahau walichokuwa wakisema katikati ya sentensi, wanaokosa usingizi, na wale ambao moyo unawaenda mbio wakisimama tu.

Si lazima uwe ulilazwa. Wapo walioumwa siku chache nyumbani, wakajiona wamepona, kisha mwili ukaanza kugoma. Waliougua sana wako kwenye hatari zaidi, na wanawake pia. Chanjo inapunguza hatari hiyo ingawa haiiondoi yote.

Lakini UVIKO si iliisha?

Tarehe 5 Mei 2023 ilitangazwa kuwa UVIKO si dharura ya dunia tena. Kirusi chenyewe bado kinazunguka, na kila ukiambukizwa upya unajiweka tena kwenye hatari ya dalili za muda mrefu. Ukiwa na mafua makali usiende kubanana kwenye daladala ya Igoma. Ikibidi kusafiri, vaa barakoa.

Mimi sikuwahi kupimwa. Mwaka 2021 tuliambiwa ni "changamoto ya upumuaji", basi. Nitajuaje?

Wengi wetu ndivyo tulivyougua, bila kipimo. Hilo lisikuzuie kwenda hospitali. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "hii ni UVIKO ya muda mrefu". Daktari anasikiliza historia yako, kisha anaondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine.

Na hapo naomba tuelewane vizuri, maana hii ndiyo sehemu inayookoa maisha. Kando ya ziwa letu kuna magonjwa mengi yanayomchosha mtu vilevile, na mengi yana tiba. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda ni dalili za kifua kikuu mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Makohozi yanapimwa bure na dawa zinatolewa bure. Kama umekulia Igombe, Ukerewe au kisiwa chochote, umeoga na kufua ziwani, omba choo chako kipimwe kichocho. Kichocho cha tumbo kinaweza kukaa mwilini miaka mingi, kikaharibu ini na kukupunguzia damu taratibu huku wewe ukidhani ni uzee. Kinatibiwa kwa prazikwanteli.

Waombe pia wakupime wingi wa damu, sukari, presha, VVU, figo na ini, na tezi ya shingo ikiwezekana. Kama unahema, eksirei ya kifua na kipimo cha umeme wa moyo. Vituo vya afya vya kata vinaweza kuanza na vipimo vya msingi, na vinavyobaki utapewa rufaa hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi, sickle cell), na kanda yetu ina wengi, asikubali kila uchovu uitwe UVIKO. Damu yake huenda imeshuka.

Nikijitahidi siku moja, nalala siku mbili. Kwa nini?

Hili ndilo swali lililo kiini cha mambo yote. Kuna wagonjwa ambao mwili hauwaambii papo hapo kwamba wamezidisha. Unafanya kazi Jumatatu unajisikia vizuri kabisa, hata unafurahi kwamba leo nimekuwa mtu. Jumanne jioni au Jumatano asubuhi mwili unaanguka. Viungo vinauma kama mtu aliyepigwa, kichwa kizito, mwanga unaumiza macho, koo linawasha kana kwamba mafua yanarudi. Kuchelewa kwa saa 12 hadi 72 ni jambo la kawaida. Kwa sababu ya kuchelewa huko mtu haunganishi ugonjwa na kazi. Anasema ni malaria, ananunua dawa mseto bila kupima, anapata nafuu kwa sababu alilala, kisha anarudia kazi ileile.

Kwa hiyo usijipime kwa unavyojisikia wakati wa kazi. Jipime kesho yake na keshokutwa.

Chukua daftari la shule. Kila jioni, kwa wiki 2, andika ulichofanya na umelalaje. Siku ukianguka, rudi nyuma kurasa mbili usome. Utaona kitu. Kwa mtu mmoja ni kufua, kwa mwingine ni kusimama foleni benki, kwa mwingine ni kikao kirefu cha ukoo, kwa sababu kuongea na kufikiri navyo vinakula nguvu. Ukishajua kiwango chako, fanya pungufu ya hapo, hata siku ambayo unajisikia mzima. Siku hiyo ndiyo ya hatari zaidi.

Mama mmoja anayeanika dagaa alikuwa akiwatandaza chini juu ya nyavu, akiinama na kuinuka asubuhi nzima kuwageuza. Alianguka karibu kila wiki. Wanawe walimjengea kichanja cha miti na wavu kinachomfikia kiunoni. Sasa anageuza dagaa akiwa amekaa kwenye kiti kirefu, upande mmoja kwanza, anapumzika kivulini kabla hajachoka, ndipo anamalizia upande wa pili. Gunia hanyanyui, anamwita kijana. Faida nyingine ni kwamba dagaa wa kichanjani hawana mchanga, na wanunuzi wa soko la samaki la Mwaloni wanawapenda. Hajapona, ila siku za kulala kitandani zimepungua sana.

Nyumbani ni vilevile. Fua ukiwa umekaa, nguo chache kila siku badala ya rundo la Jumamosi. Teka maji kwa ndoo ya lita 10. Menya viazi umekaa kwenye kigoda. Oga ukiwa umekaa kama kusimama kunakuzungusha kichwa.

Daktari wa kliniki ya sukari ameniambia nitembee dakika 30 kila siku. Nimsikilize nani, yeye au wewe unayesema nipunguze?

Sote wawili tuna haki, na hapa ndipo watu wenye magonjwa mawili wanapochanganyikiwa. Kwa mwenye sukari au presha peke yake, mazoezi ni sehemu ya tiba. Kinachopendekezwa ni angalau dakika 150 kwa wiki. Kwa mwenye kuanguka kesho yake, kujilazimisha kuongeza mazoezi kila wiki kunaweza kumzidishia ugonjwa. Uingereza, mwongozo wa 2021 wa kutibu uchovu sugu, ugonjwa unaofanana sana na huu, uliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba maalumu.

Mwambie daktari wako waziwazi: "Nikitembea dakika 30, siku mbili zinazofuata siamki." Mwonyeshe daftari. Kisha anza na kinachovumilika, hata kama ni dakika 5 mara mbili kwenye njia tambarare, pale Nyamagana au kando ya ziwa na si kupanda kilima cha Bugando. Usiongeze mpaka wiki kadhaa zipite bila kuanguka. Sukari yako nayo isiachwe: chakula kitapaswa kubeba mzigo ambao mazoezi hayawezi kubeba kwa sasa. Punguza ugali ule nusu sahani, ongeza mchicha au matembele, samaki wa kuchemsha au kuchoma, soda na chai ya sukari nyingi viondoke.

Moyo unanienda mbio nikisimama. Nimeletewa ujumbe wa WhatsApp kwamba niongeze chumvi.

Usiongeze kabla ya kumuona daktari. Ushauri huo hutolewa kwa baadhi ya watu wenye tatizo hilo, lakini ukiwa na presha ya kupanda, figo au moyo, chumvi inaweza kukupeleka wodini.

Unachoweza kufanya nyumbani ni hiki. Lala chali dakika 5, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Simama, mtu akiwa karibu yako usije ukaanguka, uhesabu tena kila baada ya dakika mbili tatu mpaka ifike dakika 10. Yakipanda kwa 30 au zaidi na yakabaki juu, andika namba zote uende nazo hospitali. Kunywa maji ya kutosha, inuka kitandani kwa hatua, na uachane na vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye chupa ndogo. Vinauchapa moyo ambao tayari unakimbia.

Vipi kuhusu nyungu, dawa za miti na sindano za duka la dawa?

Mvuke wa nyungu unaweza kufungua pua, lakini hauponyi ugonjwa huu, na watoto wameungua kwa maji ya moto. Dawa za miti sizibezi, tumelelewa nazo. Ninachoomba ni umwambie daktari unachokunywa, kwa sababu nyingine zinagongana na dawa za presha, sukari au VVU, na ini lako ni moja.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe mwilini, zinazonunuliwa bila cheti, kama deksamethasoni na prednisoloni. Zinakupa nguvu za siku mbili tatu, unasema nimepata dawa, kumbe sukari na presha vinapanda kimyakimya. Dawa maalumu ya kuponya UVIKO ya muda mrefu haijapatikana. Anayekuuzia hiyo anakuibia. Dalili moja moja zinatibika, yaani usingizi, maumivu, mapigo ya moyo, na wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyokwenda.

Lini nisisubiri kliniki?

Nenda leo hii ukipata maumivu ya kifua yanayobana, kuhema ukiwa umekaa, midomo kubadilika rangi, mdomo kupinda au mkono mmoja kulegea ghafla, kuzimia, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Ukiwa na kipimo cha oksijeni cha kidoleni na kikasoma 92 au chini yake, usisubiri kulala, nenda hospitali.

Mama mkwe anasema mimi ni mvivu. Wengine wanasema nimerogwa.

Pole sana, dada. Maneno haya yanaumiza kuliko ugonjwa. Usibishane na mama siku ambayo uko hoi. Mshike mumeo, au wifi anayekuelewa, aende nawe kliniki asikie kwa masikio yake, kisha yeye ndiye amweleze mama kwa heshima. Wanaokuona sokoni hawakuoni siku ya pili kitandani. Acha mmoja wao akuone. Ukitaka kuombewa, ombewa, ila vidonge vya presha usiviache hata siku moja. Na kama huzuni imekaa wiki 2 haiondoki, au umeanza kuwaza kutoishi, mwambie mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Nayo ina tiba.

Natoka Ukerewe, kliniki yangu ni Bugando. Safari yenyewe inaniangusha.

Ihesabu safari kama kazi nzito, kwa sababu ndivyo ilivyo. Usipange kitu siku ya kabla wala siku mbili za baada. Kama una ndugu mjini, vuka ziwa siku moja kabla, lala kwake, asubuhi uende kliniki. Wa Sengerema na Geita mmepata nafuu kubwa tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ile foleni ya kivuko juani imekwisha, lakini kukaa kwenye basi nako kunachosha. Beba maji, chakula chako, dawa za siku mbili zaidi ya unazohitaji, na karatasi moja yenye majina ya dawa zote na dozi zake. Omba daktari akuandikie dawa za miezi 2 au 3 kama hali yako imetulia, na uulize kama presha na sukari vinaweza kufuatiliwa hukohuko Ukerewe, hospitali ya Nansio, ili Bugando uende kwa yale tu yasiyowezekana kwenu.