Kujizuia si kupigana na tamaa kila saa

Wengi huamini kwamba mwenye kujizuia ni yule anayepambana na tamaa kutwa kucha, akijikaza mpaka aishinde. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaweka watoto wadogo mbele ya kitu kitamu na kuwaahidi zaidi iwapo wangesubiri. Waliokikodolea macho hawakudumu. Waliofumba macho, waliokipa kisogo au waliojiimbia nyimbo ndio waliostahimili, kwa kuwa waliikwepa tamaa badala ya kupigana nayo. Basi anayelala na simu chini ya mto, kisha akajilaumu kwamba hana nguvu ya kuiacha usiku, anajionea bure: akiiweka chumba kingine, vita vyenyewe havitakuwapo. Hasira ni hivyo hivyo, ingawa ni ngumu zaidi, maana haibishi hodi. Aliyekwisha kuandika jibu kali, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma, amebakiwa na nafasi finyu ya kuchagua, ilhali aliyenyamaza na kuondoka pale tu alipohisi moyo unaanza kwenda mbio bado anayo.