"Huu unaota popote, afisa!": maneno ya mazao mapya yaliyonichosha

Juzi mzee mmoja wa huku Masindi, Uganda, kanifuata ofisini na chupa ya soda imejaa mbegu, kauziwa na kijana aliyepita na boda, mti wa kulisha mbuzi na sijui mafuta pia unatoa, jina lake hajui. Nikamuuliza, mzee wangu, umeupendea nini? Akajibu na furaha tele: haupaliliwi, haumwagiliwi, ukiukata unachipua, unaota popote! Banange. Hayo maneno nimeyasikia mpaka nayaota usiku, kwa hiyo leo naandika mara moja, atakayekuja tena namsomesha hii.

DHANA: Zao linaloota popote bila kutunzwa ndilo zao zuri

Ukweli: umenitajia sifa za gugu. Chukua karatasi, upande mmoja andika gugu baya lina tabia gani: linazaa mapema, mbegu kibao, zinabebwa na ndege au maji, ukikata linachipua, ng'ombe hawaligusi, jua kali haliliui. Upande wa pili andika maneno ya muuza mbegu. Ni yale yale! Mahindi yamekaa na binadamu maelfu ya miaka mpaka yamesahau kujipanda, gunzi likianguka punje zimebanana pale pale, nje ya shamba hayafiki mbali. Huo mmea wako umetoka porini jana, kujipanda haujasahau hata kidogo.

Na siwaambii ya vitabuni, msitu wa Budongo si huo hapo. Kuna mti unaitwa Broussonetia, jamaa ya mforosadi, uliletwa Uganda miaka ya 1950 waone kama utafaa kwa karatasi. Unakua haraka, matunda laini, ndege na wanyama wanakula na kwenda kuzimwaga mbegu huko mbele, na mizizi nayo inatoa machipukizi. Leo uko Budongo, uko msitu wa Mabira, kila palipofunguka kwa kukatwa miti ya asili umeshawahi nafasi. Gasia hivyo hivyo, ule Senna spectabilis wa maua ya njano, watu waliupenda kwa kuni na fito, sasa jaribu kuumaliza na panga: shina moja linarudi mashina sita. Wanaoupiga vita inabidi waubandue gome kuzunguka shina mpaka usawa wa udongo, ufe umesimama. Mti mmoja mmoja, msitu mzima, hebu fikiria hiyo kazi.

Majirani zetu Kenya wana mathenge. Uliletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, kwa sifa hizo hizo, hauhitaji maji, unaota popote, kweli ukaota popote, ukameza malisho, na yale maganda yake matamu yanaganda kwenye meno ya mbuzi, meno yanaoza yanang'oka, mpaka mwaka 2006 wananchi wakapeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi. Mimi huwa nacheka halafu nakumbuka mzee na chupa yake, kicheko kinaisha.

Halafu kingine, kuota popote siyo kuzaa popote, hapa ndipo watu wanaliwa pesa. Mbono, jatrofa, tunao miaka mingi, kule Mukono wanaupanda uwe nguzo ya vanila. Miaka ya 2000 wakaja na habari ya mafuta ya gari, eti panda kwenye ardhi mbovu isiyo na maji. Haufi huko, kweli, lakini mbegu ni kiduchu, ukitaka mbegu nyingi uupe udongo mzuri na maji kama mahindi tu. Sasa faida iko wapi?

DHANA: Nimeupanda miaka mitano na haujatoka nje ya ua

Miaka mitano kwa mti ni nini? Mmea mgeni unaweza kukaa kimya miaka thelathini au zaidi, unangoja upate ndege wa kuubeba, mdudu wa kuchavusha, au jirani afyeke msitu. Na mara nyingi ukiuliza, huyo anayesema haujatoka hata hajawahi kuruka ua akaangalia. Ushauri wangu mimi, na wanaonijua wamechoka nao: kila msimu chukua jembe ufike mtoni, uangalie chini ya miti ambako ndege wanalala. Miche inaanzia huko, siyo mlangoni kwako.

Mmea wa kuliwa hauwezi kuwa gugu? Mpera unaliwa, kawaulize watu wa visiwa vya Galapagos ulivyowageukia gugu. Tumemaliza.

DHANA: Kwao hausumbui, kwetu utasumbua nini

Musizi wetu, mti wa heshima, mbao safi, hapa nani analalamika? Wakaupeleka Amani, Usambara Mashariki huko Tanzania, ndege hondohondo wakapenda matunda, ukaingia msituni na kuwa tatizo la wenyewe. Kwao mmea una wadudu na magonjwa yake ya kuupunguza, ukisafiri peke yake umeviacha nyuma.

Na wale wa "ukizidi serikali italeta dawa": gugumaji lilionekana ziwa Kyoga mwaka 1988, lilikuwa ua la kupendeza tu la watu wa Amerika Kusini. Mbawakavu wa kulila walikuja kuachiliwa miaka ya 1990, wavuvi wameshateseka vya kutosha, na mpaka leo gugumaji lipo.

Sisemi kila kigeni kibaya jamani, matoke yenyewe asili yake Asia, ila matoke hayana mbegu, hayaendi mahali mpaka ubebe chipukizi mwenyewe. Waustralia tangu 1997 wana maswali 49 wanayouliza kabla mmea mpya haujaingia nchini kwao. Mimi sihitaji 49, nianzie na moja, jina la kisayansi, muuzaji asiyelijua mrudishie mbegu zake.

Chupa ya mzee iko juu ya kabati langu, nimeibandika karatasi USIPANDE. Anapita kila Jumatatu kuuliza kama nimepata jina. Kijana wa boda simu hapokei.