Kiungo Si Kitufe: Makosa Yetu Kwenye Viungo vya React

“Si nikibofya inafunguka? Sasa tatizo liko wapi?”

Mwezi huu nimeulizwa hivyo mara ya tatu, safari hii na mwenye duka la mtandaoni la vitenge. Tovuti yake imejengwa kwa React, maktaba ya JavaScript. Kila bidhaa yake ilikuwa `div` (kisanduku tu cha HTML) yenye `onClick` (la kufanya kikibofywa), na ndani yake `navigate('/bidhaa/48')`, amri ya React Router, maktaba inayohamisha mtu kutoka ukurasa hadi ukurasa ndani ya programu ya React. Nikamwomba simu yake, nikakibonyeza kitenge kimoja bila kuachia kidole. Kingekuwa kiungo cha kweli, ingetokea menyu: fungua katika kichupo kipya, nakili kiungo. Haikutokea kitu. Mteja wake akitaka kumtumia dada yake kitenge hicho WhatsApp, inabidi kwanza afungue ukurasa, asubiri picha zije, ndipo akanakili anwani juu kabisa. Wengi hawafiki huko. Wanapiga skrinishoti, na dada akiipata hana pa kubofya.

Kubofyeka hakufanyi kitu kuwa kiungo. Kiungo ni anwani, na anwani hukaa kwenye `href`, sifa ya lebo `a` ya HTML. Kivinjari kikiiona, mengine yote unayapata bure: kichupo kipya, kunakili, kufika kwa Tab na kufungua kwa Enter, kisoma skrini kumwambia asiyeona kwamba hapa pana kiungo. Google nayo, kwa maelekezo yake yenyewe kwa wenye tovuti, hufuata `<a>` yenye `href`. Kwenye `div` haina cha kufuata.

Wanaokwepa `Link`, komponenti ya React Router ya kuwekea viungo, hudhani ni dude jingine kabisa. Kagua ukurasa uone: inazaa `<a href>` ile ile. Ilichoongeza ni kuudaka mbofyo, kuzuia ukurasa usipakiwe upya, na kubadilisha anwani kwa `history.pushState`. Ukibofya huku umeshika Ctrl, inakaa pembeni na kukiachia kivinjari kazi yake. Tafadhali, `navigate` ibaki kwa yale yanayofuata baada ya tendo: fomu imeshatumwa, mtu ameshaingia kwenye akaunti. Pale dukani kadi ya bidhaa ilikuwa komponenti moja tu. Nikatoa `onClick`, nikaifunga ndani ya `Link`, kazi ikaisha. Kila ninapopokea mradi wa mtu, naanza na kidole kwenye simu kabla sijafungua msimbo.

Wapo pia wanaotumia `<a>` tupu kwa kurasa za ndani. Inafika, ila kila mbofyo unaiwasha programu nzima upya, na kikapu kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake tu kinapotea.

Wengine hulalamika: “Link ya nje imekufa, inaleta 404”, yaani ukurasa haupatikani. Haijafa. Umeandika `www.` bila `https://`, na kivinjari kinaichukua kuwa njia ya ndani ya tovuti yako. Hata `<a>` ya kawaida ingefanya hivyo hivyo. Kama anwani zinaandikwa na watumiaji, zikague wakati wa kuhifadhi, na ukubali `http` na `https` peke yake. Anayekuwekea `javascript:`, anwani inayoendesha msimbo badala ya kufungua ukurasa, hana nia njema.

“Bila `noopener` utadukuliwa.” Ilikuwa hatari ya kweli zamani: bila neno hilo kwenye `rel` ya kiungo, ukurasa uliofunguliwa kwenye kichupo kipya uliweza kuuelekeza kwingine ule uliotokea. Safari tangu toleo 12.1 la 2019, Firefox 79 ya 2020 na Chrome 88 ya 2021, zote huchukulia `target="_blank"`, agizo la kufungua kichupo kipya, kana kwamba `noopener` ipo. Iache ikiwepo, haina madhara. Usiichanganye na `noreferrer`, ambayo humficha mwenye tovuti ya pili mgeni ametoka wapi. Kama mnalipana kwa wageni mnaopelekeana, hilo mtalihisi.

Viungo vya nje kufunguka lazima kwenye kichupo kipya? Hapana. Anayetaka kichupo kipya anajua kukifungua, mradi umempa kiungo cha kweli.

Na hii ya “link zinafanya kazi, lakini nikipakia upya ukurasa napata 404” haihusu viungo kabisa. Ukiwa ndani ya programu, React Router ndiyo inayosoma `/bidhaa/48`. Ukipakia upya, swali linaenda kwa seva, na seva haina faili la jina hilo. Usikimbilie `HashRouter`, inayoweka njia baada ya alama ya `#`. Kwenye seva ya Nginx ni mstari mmoja, `try_files $uri /index.html;`, ndani ya `location /`: faili lisipokuwepo, seva inatoa `index.html`, na React Router inasoma njia yenyewe.