Masurufu ya Jenerali na moto wa 1800

Aliyewahi kurejesha masurufu anaijua meza ya mhasibu: risiti moja ikikosekana, unaanza kujieleza. George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, naye aliipitia. Alipokabidhiwa jeshi la vita vya uhuru dhidi ya Uingereza mwezi Juni 1775 alikataa mshahara, akaomba arudishiwe gharama zake tu. Desemba 1783, vita vilipokwisha, alipeleka daftari lake Philadelphia, sehemu kubwa ikiwa ni mwandiko wake mwenyewe. Wakaguzi walipojumlisha upya wakakuta kajipunja 89/90 ya dola. Sehemu hiyo inachekesha mpaka ujue kwamba dola moja ilihesabiwa peni 90 za Pennsylvania. Miaka minane ya vita, kosa ni peni 89!

Wizara ya Vita ya Marekani ilipoundwa Agosti 1789 chini ya Henry Knox, fedha zilikuwa chache na njia ndefu. Kwa sheria ya 1790 askari wa kawaida alilipwa dola 3 kwa mwezi, akakatwa senti 90 za sare na senti 10 za dawa. Akipokea, alitia sahihi kwenye orodha ya malipo. Asiyejua kuandika aliweka alama ya X, na shahidi akasaini pembeni. Mwaka 1792 Bunge likaiwekea Wizara mhasibu wake, na hesabu alizofunga zikapitiwa tena Hazina.

Barua nazo zilikuwa na utaratibu wake. Kabla karatasi haijakunjwa na kupigwa lakiri, karani aliinakili neno kwa neno kwenye daftari la barua. Kazi ya kuchosha vidole, lakini sisi wa masijala tunaiheshimu, na sababu ni usiku wa 8 Novemba 1800. Ofisi ya Wizara, iliyokuwa imehamia Washington miezi michache tu nyuma, ikaungua pamoja na majalada yake.

Wanahistoria walikuja kuyatafuta upya mahali pengine: kwa waliopokea barua, na kwenye madaftari ya waliozituma. Leo Chuo Kikuu cha George Mason kimeweka mtandaoni zaidi ya hati 40,000 za namna hiyo. Maombi ya pensheni ya wapiganaji wa zamani hayakuwa na bahati hiyo. Yaliyokuwa ofisini yaliteketea, na baadhi ya majina tunayajua kwa sababu tu Wizara iliwahi kuyapeleka bungeni katika taarifa za 1792, 1794 na 1795.