Je, Mitambo Mipya Pekee Hupunguza Matumizi ya Umeme Katika Jengo?

Wasimamizi wengi wa majengo ya biashara huamini kwamba jengo likishafungwa viyoyozi vya kisasa, taa za LED na mfumo wa kompyuta wa kuendesha mitambo, matumizi ya umeme yatapungua yenyewe, na kwamba kuwafundisha mafundi na wahudumu ni gharama isiyo ya lazima. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa mtambo bora kweli hutumia umeme mdogo kwa kazi ileile.

Hata hivyo, mtambo hufuata ratiba na viwango ulivyowekewa na binadamu. Chukua feni kubwa ya kusambaza hewa: nguvu inayohitaji hubadilika takribani kwa kipeo cha tatu cha kasi yake (kasi mara kasi mara kasi), kwa hiyo ikiendeshwa kwa asilimia 80 ya kasi, huhitaji karibu asilimia 51 tu ya nguvu ya awali. Fundi asiyelijua hilo, akipokea malalamiko ya joto, huenda akaiweka kwenye kasi ya juu kabisa kwa mkono na kuiacha hivyo kwa miezi, huku kifaa cha kurekebisha kasi, kilichonunuliwa kwa fedha nyingi, kikikaa bure. (Si kosa lake ikiwa hakuna aliyemweleza.)

Anayetaka kuhakiki asome mita ya umeme jioni jengo linapofungwa, kisha aisome tena alfajiri kabla watu hawajaingia. Tofauti ya namba hizo mbili ni umeme uliotumika usiku. Ukiondoa majokofu, seva na taa za usalama, sehemu kubwa ya kinachobaki ni mitambo inayohudumia vyumba vitupu, na kuitambua kunahitaji kupita ghorofa kwa ghorofa usiku mmoja tu.