Samaki wa Bwawani Msimu wa Kaskazi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma na jua likawaka mwambao wote wa Tanzania na Kenya, wafugaji wengi wa sato, perege na kambare hupoteza samaki waliowatunza kwa miezi. Linalosikitisha zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo ingezuilika, kwa kuwa haitokani na joto lenyewe bali na mambo ambayo mfugaji huyafanya, au huyaacha, kwa kuamini maelezo yasiyo sahihi. Maelezo hayo hupokewa kwa majirani na kupelekwa kwa majirani wengine, na kwa hiyo inafaa yapimwe moja baada ya jingine.

“Samaki wanakufa kwa sababu maji yamechemka”

Sato ni samaki wa nchi za joto. Hukua vizuri zaidi maji yanapokuwa kati ya nyuzi joto 26 na 30, na huanza kufa kwa joto pekee pale tu maji yanapokaribia nyuzi 40 na kuendelea, hali ambayo ni nadra kufikiwa katika bwawa la udongo lenye kina cha mita moja au zaidi, hata mwezi wa Februari. Kinachomuua ni ukosefu wa oksijeni. Maji yenye nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni katika kila lita. Yakifika nyuzi 30, uwezo huo hushuka hadi takriban miligramu 7.6, na kwa nyuzi 35 hubaki kama miligramu 7. Wakati huohuo mwili wa samaki hufanya kazi kwa kasi zaidi, kwani mahitaji yake ya oksijeni hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda. Joto, basi, humpunguzia samaki akiba na kumwongezea matumizi kwa mpigo mmoja. Mfugaji akilielewa hilo, hataanza tena kwa kuuliza namna ya kuyapoza maji. Atauliza oksijeni inapotea wapi na saa ngapi.

“Saa mbaya ni saa nane mchana”

Hii ndiyo dhana ninayoiona kuwa na madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu humfanya mfugaji akeshe mchana na kulala usiku. Maji ya kijani yana mwani mdogo usiohesabika, nao hutengeneza oksijeni kwa msaada wa mwanga wa jua, kiasi kwamba alasiri bwawa huweza kuwa na oksijeni nyingi kupita hata kiwango ambacho maji ya joto hilo hubeba kwa kawaida. Jua likizama utengenezaji hukoma, lakini matumizi hayakomi: samaki hupumua, vijidudu vinavyoozesha tope hupumua, na mwani wenyewe hupumua usiku kucha. Oksijeni hupungua saa baada ya saa, na kiwango cha chini kabisa hufikiwa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Sato huanza kudumaa oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, na ingawa huweza kuvumilia kiasi kidogo kuliko hicho kwa muda mfupi kwa kuvuta maji ya juu kabisa, hawezi kuishi hivyo kila siku.

Hapo ndipo dhana nyingine inapozaliwa. Mfugaji afikapo bwawani alfajiri na kuwaona samaki wamejaa juu ya maji, midomo wazi, husema kwamba wana njaa, akawamwagia pumba au chakula cha kuelea. Samaki mwenye njaa huzunguka, huruka, na humfuata mtu anayetembea ukingoni; samaki anayekosa hewa hukaa palepale, mdomo ukifunguka na kufunga kwenye ngozi ya maji, na huchelewa kukimbia hata kivuli cha mtu kikimpitia. Kumlisha samaki wa aina ya pili ni kumwongezea mzigo, kwa kuwa usagaji wa chakula unahitaji oksijeni ambayo hanayo, na chakula kisicholiwa huoza na kuimaliza hiyo iliyobaki. Asubuhi ya namna hiyo chakula kisimamishwe kabisa, maji ya chini yafunguliwe yatoke, na maji mapya yaingizwe kwa kurushwa hewani. Ikiwa hakuna maji mapya, pampu inyonye maji ya juu ya bwawa lilelile na kuyarusha yaanguke kama mvua. Kwenye bwawa dogo, hata watu wawili wenye ndoo, wakichota na kumwaga kwa nguvu mpaka jua lichomoze, huokoa samaki.

“Maji yakizidi kuwa kijani, chakula kimezidi”

Maneno haya yana ukweli nusu. Samadi ya kuku au ya ng'ombe huotesha mwani, na mwani ni chakula cha sato. Lakini mwani ukiwa mzito mno, ndio huohuo unaoimaliza oksijeni usiku, na siku mbili tatu za mawingu mfululizo zikija, sehemu yake hufa kwa pamoja na kuoza. Kipimo chake ni rahisi: chukua sahani nyeupe au kifuniko kilichopakwa rangi nyeupe, kifunge kwenye fimbo iliyowekwa alama za sentimita, ukizamishe polepole mpaka kisionekane. Kikipotea kati ya sentimita 25 na 40, hali ni nzuri. Kikipotea kabla ya sentimita 20, acha kutia samadi mara moja na uanze kubadilisha sehemu ya maji. Katika msimu wa kaskazi kipimo hiki kifanyike kila baada ya siku chache, kwa kuwa mwani huongezeka haraka zaidi kukiwa na joto.

Chakula nacho kina dhana yake. Ni kweli kwamba samaki hula zaidi maji yakipata joto, na wafugaji huongeza kiasi wakitarajia kuvuna mapema. Maji yakipita nyuzi 32 hivi, inafaa kipunguzwe, na kitolewe asubuhi jua likiwa limekwisha kuwaka kwa saa mbili au tatu, wala si alfajiri wala jioni. Sababu ya kwanza ni oksijeni, kama ilivyoelezwa hapo juu; ya pili ni amonia, ambayo samaki huitoa kupitia matamvua na ambayo pia hutokana na chakula kinachooza. Sehemu yake yenye sumu hutegemea joto na kiwango cha alkali, kinachopimwa kwa pH: katika maji ya joto yenye pH 7 haifiki asilimia 1 ya amonia yote, lakini pH ikipanda hadi 9, kama inavyoweza kutokea alasiri katika bwawa lenye mwani mwingi, huzidi theluthi moja. Ndiyo maana chokaa, ambayo baadhi ya watu huimwaga bwawani kama dawa ya kila ugonjwa, huweza kuua samaki ikitiwa wakati huu, hasa chokaa kali ya kujengea, kwa sababu huipandisha pH hiyohiyo. Mahali pake ni kwenye sakafu ya bwawa lililokaushwa, kabla ya kupandikiza vifaranga.

“Kambare hafi kwa kukosa hewa”

Kambare mkubwa ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja, na ni kweli kwamba hubaki hai mahali sato wote walipokufa. Vifaranga wachanga wa kambare bado hawana kiungo hicho na hutegemea matamvua peke yake. Hata wakubwa, wakirundikwa kwenye tangi la plastiki lililo juani bila kubadilishiwa maji, huungua matamvua kwa amonia, na hewa ya juu haiwasaidii kitu.

“Tia barafu, au fungulia bomba”

Hesabu ya barafu ni fupi. Bwawa la mita za mraba 200 lenye kina cha mita moja lina lita 200,000 za maji. Kilo 50 za barafu zitalipoza kwa takriban sehemu tatu za mia moja ya nyuzi moja. Tani nzima ingelipoza kwa nusu nyuzi tu. Maji ya bomba yana klorini inayoharibu matamvua, kwa hiyo yasiingizwe kabla ya kukaa wazi siku kadhaa au kutiwa dawa ya kuiondoa. Maji ya kisima kirefu ni mazuri na yana ubaridi, lakini mara nyingi hutoka ardhini bila oksijeni ya kutosha, na mfugaji akiyapitisha kwenye mpira uliozamishwa bwawani atashangaa kuona samaki wakizidiwa. Yapitie kwanza juu ya mawe au kwenye bati lililotobolewa, yaanguke kwa matone. Kivuli nacho kinasaidia, iwe chanja ya makuti inayofunika robo au theluthi ya bwawa, lakini kulifunika lote kwa magugu maji huzuia mwanga na hewa, na magugu yakifa huoza palepale.

“Mvua ikinyesha tumepona”

Mvua ya kwanza baada ya majuma ya jua kali ni ya kuogopwa. Siku za joto zisizo na upepo mkali, maji ya bwawa hujipanga kwa tabaka: ya juu huwa ya moto na mepesi, ya chini huwa na ubaridi, mazito, na karibu bila oksijeni kwa sababu ya tope linalooza, na mtu akilikoroga tope hilo husikia harufu ya mayai viza. Mvua kubwa ya baridi huyavunja matabaka hayo, maji mabaya hupanda, na bwawa zima huweza kukosa oksijeni kwa usiku mmoja, tena mawingu ya siku zinazofuata huuzuia mwani kuirejesha. Mabadiliko ya namna hiyo yamewahi kuua samaki hata katika Ziwa Victoria, maji ya chini yalipopanda, sembuse bwawa la nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha jioni baada ya joto kali, usiku huo pampu iwe tayari. Kabla ya hapo, bomba la kutolea maji lichote maji ya chini badala ya yale ya juu, na samaki waliofikia uzito wa kuuzwa wavunwe mapema ili idadi ipungue. Pampu ya sola isiyo na betri haiwezi kusaidia alfajiri, lakini ikizungusha maji mchana huyazuia matabaka kujijenga, nayo ni faida isiyopaswa kudharauliwa.

“Jirani ametia sumu”

Samaki mia wakielea asubuhi moja, wazo hili huja haraka, na limewahi kuharibu ujirani wa miaka mingi. Kabla ya kumshuku mtu, angalia waliokufa. Oksijeni inapokwisha, samaki wakubwa hutangulia kufa, wadogo hubaki. Kambare huendelea kuogelea, vyura na wadudu wa majini wapo hai, na vifo hugunduliwa alfajiri. Sumu huua saa yoyote, mara nyingi huanza na wadogo, na huwachukua vyura na wadudu pamoja nao. Ikiwa dalili ni za sumu, chota maji kwenye chupa safi, weka samaki wachache kwenye barafu, na umpelekee afisa uvuvi siku hiyohiyo, kabla hawajaharibika. Ikiwa ni za oksijeni, toa mizoga yote, simamisha chakula, na anza kurusha maji kabla ya jioni, kwa kuwa bwawa lililoishiwa usiku mmoja huwa katika hatari ileile usiku unaofuata.