Ailton: nusu ya bao iko mguuni kwa mwenzako

Nafundisha washambuliaji vijana, na kila msimu hufika siku ninawawekea video ya mechi moja: Munich, Mei 8, 2004, Bayern dhidi ya Werder Bremen. Bremen wakishinda, ubingwa wa Ujerumani wanauchukua uwanjani kwa wapinzani wao. Ivan Klasnić anafunga la kwanza, Johan Micoud la pili, na Ailton, mshambuliaji wao Mbrazil, la tatu. Dakika ya 40 haijafika na kipa wa Bayern, Oliver Kahn, ameshaokota mpira wavuni mara tatu. Mpira ukaisha 3-1.

Vijana huuliza swali lilelile kila mwaka: Ailton na kitambi kile anawaachaje mabeki? Wajerumani nao walishangaa, wakampa jina la Kugelblitz, yaani radi ya mviringo. Mimi swali langu ni jingine. Mtu aliyefunga mabao 28 msimu ule, akawa mgeni wa kwanza kuchaguliwa Mwanasoka Bora wa Mwaka wa Ujerumani, ilikuwaje miaka sita baadaye awe amepita kwenye klabu zaidi ya kumi, nyingine za madaraja ya chini kabisa?

Jibu la haraka ni kwamba alilewa sifa. Silikubali jibu hilo.

Ailton Gonçalves da Silva alizaliwa Julai 1973 huko Mogeiro, mji mdogo wa jimbo la Paraíba, kaskazini mashariki mwa Brazil. Mchezaji wa klabu ndogo kule huzoea kuhama mapema. Mashindano ya majimbo huchukua miezi michache tu ya mwanzo wa mwaka, na klabu isiyo na nafasi kwenye ligi ya taifa hukaa bila mechi mpaka mwaka unaofuata. Mchezaji afanye nini? Anafungasha. Ailton alipita Guarani ya Campinas, akavuka kwenda Tigres ya Mexico, na mwaka 1998 akatua Bremen. Chini ya kocha Felix Magath alipata nafasi chache. Mei 1999 timu akakabidhiwa Thomas Schaaf, na hapo ndipo mambo yake yalipofunguka.

Schaaf alipanga viungo wanne kwa umbo la almasi: Frank Baumann chini akilinda, wawili pembeni wakikimbia kutwa nzima, na Micoud juu, nyuma ya washambuliaji wawili. Nawaambia vijana warudishe video nyuma na safari hii wamwache Ailton, wamtazame Micoud. Mfaransa yule alipokea mpira huku akigeuka, na kabla hajamaliza kugeuka Ailton ameshaondoka. Hakusubiri kuiona pasi. Alijua itakuja wapi na lini, kwa sababu walishaifanya mazoezini mara zisizohesabika. Klasnić naye alikuwa anawashughulisha mabeki wa kati, wasipate nafasi ya kurudi nyuma na kufunika. Kwa hiyo mbio fupi za mita kumi na tano na mguu wa kushoto wenye nguvu vilitosha. Kitambi hakikuwa na neno, maana hakuna aliyemtaka akabe.

Straika wa aina hii, nusu ya bao lake iko mguuni kwa mwenzake. Akihama, nusu hiyo inabaki.

Na alihama. Msimu ukiwa bado unaendelea alishakubaliana na Schalke, mkataba wake na Bremen ukiwa ukingoni. Tangu hukumu ya Bosman ya Desemba 1995, barani Ulaya mchezaji aliyemaliza mkataba huondoka bila klabu mpya kulipa ada ya uhamisho. Kwake ilikuwa fursa, kwani alikuwa anatimiza miaka 31 na mkataba mwingine mnono usingekuja. Silaumu hata kidogo. Ila nimeona mara nyingi kwamba klabu iliyotoa fedha nyingi kukununua hukuvumilia ukikauka, kwa sababu inalinda fedha zake. Iliyokupata bure haina sababu ya kusubiri.

Kuna jambo la majira yale ambalo msomaji wa Kenya atalielewa upesi. Brazil haikuwahi kumwita Ailton timu ya taifa. Mbele yake kulikuwa na Ronaldo, Adriano na wengine. Mapema 2004 Qatar wakataka kumpa uraia na donge nono, yeye na Dedê wa Borussia Dortmund. Mwaka mmoja nyuma, mkimbiaji Mkenya Stephen Cherono alikuwa amebadili uraia na kuwa Saif Saaeed Shaheen, akaipa Qatar dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Paris, mbele ya Ezekiel Kemboi wa Kenya. Riadha iliruhusu. FIFA ilizuia Machi 2004: lazima mchezaji awe na uhusiano wa kweli na nchi, kama mzazi au babu aliyezaliwa pale, au awe ameishi huko miaka 2. Baadaye muda huo ukapandishwa hadi 5.

Akiwa Schalke, Ailton alifunga mabao 14 ya ligi. Ni nusu kamili ya msimu uliotangulia, lakini timu ilimaliza ya pili, na 14 si aibu kwa mtu ambaye kocha aliyempokea, Jupp Heynckes, alifukuzwa Septemba, msimu ukiwa mbichi. Hata hivyo mwaka 2005 alikuwa Beşiktaş ya Uturuki. Kutoka pale mkopo Hamburg, mkopo Red Star ya Belgrade, kisha Grasshoppers ya Zürich, kisha Duisburg iliyoshuka daraja 2008, kisha Metalurh Donetsk ya Ukraine. Ndani ya mwaka 2009 pekee alivaa jezi za Altach ya Austria, Campinense ya jimboni kwao Paraíba, Chongqing Lifan ya China na Uerdingen ya Ujerumani.

Hebu fikiria hesabu ya mazoezi. Kuelewana na Micoud kulijengwa kwa miaka. Kwa mkopo wa miezi mitano utajenga nini? Unafika Januari, hujui kiungo wako anapenda kugeukia mguu gani, na Mei unaaga. Wakati huohuo kasi, ambayo ndiyo mali uliyobaki nayo, inapungua kila mwaka.

Mabao yake ya Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ni 106 katika mechi 219. Kati ya hayo, 88 ni ya Bremen, 14 ya Schalke, 3 ya Hamburg na 1 la Duisburg.

Septemba 6, 2014, akiwa na miaka 41, aliagwa rasmi. Mechi ya kumuaga ilichezwa Bremen, kwenye uwanja wa Weserstadion, miaka kumi baada ya kuondoka pale.